Tufunguliwe Paa Tukaushe Maembe

Nina dukuduku lililonikaa moyoni tangu Januari.

Mamangu ana kibanda cha matunda na mboga hapa Huruma. Ikifika Januari, maembe ya Makueni na Machakos hujaa Marikiti hadi bei ikaanguka. Mama hununua mengi. Siku ya tatu yanalainika, ya tano tunayabeba kwa debe kwenda kuyatupa. Nimeyabeba mimi mwenyewe, tena nikiwa na yunifomu, nikiiona karo yangu ikienda jaani.

Wako wanaosema ati tununue mashine ya stima ya kukaushia. Hebu tupige hesabu. Mashine ya wati 500 ikiwaka kwa muda wa saa 10 inakula yuniti 5. Kwetu tokeni zikiisha tunakaa gizani mpaka kesho. Nani atazichoma kwa embe?

Jua ni la bure, na bahati nzuri Januari na Februari, maembe yanapofurika, ndipo jua la Nairobi linapowaka. Wazee wetu hawakungoja stima. Wasukuma wa Tanzania hukausha viazi vitamu wakapata michembe, watu wa ziwani huanika omena, na Pwani kuna ng'onda. Kikaushio (neno hilo tulitumie, sisi ni Chama cha Kiswahili!) ni sanduku la mbao lililopakwa rangi nyeusi ndani, juu limefunikwa kwa nailoni inayopitisha mwanga. Hutobolewa matundu yenye wavu: ya chini hewa iingie, ya juu mvuke utoke. Embe hukatwa vipande vyembamba, kama nusu sentimita, vikapangwa bila kubebana. Sukuma wiki huchovywa kwanza katika maji moto, kisha hukaushwa kivulini, maana jua kali huharibu vitamini.

Mtauliza, na vumbi je? Na nzi? Ndiyo sababu ya wavu. Moshi wa jaa la Dandora, huo nakubali, hauzuiliki kwa wavu. Siku ukivuma huku tusianike. Na jambo moja si la mzaha: kitu kisichokauka sawasawa huota ukungu. Mwaka wa 2004 mahindi yaliyoingia sumu ya ukungu yaliua watu 125 nchini, wengi wao wa Makueni na Kitui. Kipande cha embe kikibonyezwa kikatoa maji, kirudi juani.

Sasa kinachotuzuia ni nini? Ni kufuli. Ploti zetu ni za ghorofa sita, saba, na juu kabisa kuna paa lenye jua kutwa. Nilipomwomba keateka wetu ufunguo alinijibu, "Wewe kijana, ukianguka nitamwambia nini mamako?" Hofu yake naielewa, mapaa mengine hayana ukuta wa maana. Lakini kila Jumamosi analifungua nguo zianikwe. Kwani Jumamosi watu hawaanguki?

Walimu wetu, shule ina uwanja na mbao za madawati yaliyovunjika. Tujengeeni kikaushio kimoja kabla ya likizo ya Desemba, nami nitaleta maembe ya kwanza kutoka kibandani. Pakiti moja nitampelekea keateka aonje, halafu nimuulize tena habari ya ufunguo.