Redio bado haijazikwa

Ndugu mwandishi, katika makala yako uliposema redio imekwisha na shule ya kesho ni video za intaneti tu, hapo tunaachana. Mimi ni wa Bibokoboko, kule milimani juu ya Baraka, Fizi, Kongo. Mwaka 2020 korona ilipofunga shule za Kongo nzima, Radio Okapi ilirusha masomo katika kipindi cha Okapi École. Wadogo zangu walikuwa Uvira, wakasoma kwa redio ya betri, maana nani angewanunulia mega za intaneti kila siku? Huko kwetu milimani ndiyo usiseme: kutafuta rezo ya simu ni kupanda kilima, na simu ikizima unangoja jua. Mwaka 2021 vita vilipowashusha watu wetu hadi Baraka, madawati yalibaki, redio ndogo zikabebwa. Na wewe msomaji uliyeandika maoni hapo juu kwamba watu wa vijijini hawataki mambo mapya, pole, hutujui. Vijana wetu wakishuka sokoni wanapakua masomo, wanayatia kwenye kadi ya memori, kisha yanapita simu hadi simu kwa Bluetooth bila mega hata moja. Huo si ubunifu? Shida ni lugha. Sheria ya elimu ya 2014 inataka watoto wadogo wafundishwe kwa lugha zetu, Kiswahili kikiwemo, lakini video nyingi tunazopata ni za Kifaransa. Wenye kutabiri kesho watengeneze kwanza masomo mafupi ya Kiswahili, yanayosikika hata bila picha.