Roboti isiyojua kukataa

Ukiwa mgeni Johannesburg ukauliza njia, utaambiwa: nenda moja kwa moja, ukifika roboti ya pili pinda kushoto. Usianze kutafuta mtu wa chuma. Afrika Kusini nzima "roboti" ni taa za barabarani, hizi za nyekundu na kijani. Watoto wetu wa Maskati, Dubai na Doha wakija likizo huku wakalisikia hilo hucheka sana, maana wao roboti waijuayo ni nyengine: ina mikono na miguu, kifua cha chuma, na bunduki.

Wakishacheka huja na suali ambalo nadhani wazazi wengi mmeshaulizwa. Eti vita vijavyo vitapiganwa na roboti? Na je, siku moja hazitatugeuka zikatuua sote? Mimi ni mwalimu mstaafu, nimesomesha sekondari ya misheni miaka mingi, na najua suali la mtoto halipuuzwi. Lakini sehemu ya pili ya suali hili imetoka kwenye filamu, na filamu zimetuzoesha kuogopa kitu ambacho sicho.

Tuanze na neno lenyewe. Halikuzaliwa maabara. Lilizaliwa katika mchezo wa kuigiza wa Mcheki Karel Čapek, uitwao R.U.R., ulioonyeshwa Prague mwaka 1921. Limetokana na neno la Kicheki "robota", yaani kazi ya shuruti, ile mtu anayomfanyia bwana shamba bila ya hiari yake. Sisi watu wa pwani tunaoijua historia yetu, neno hilo halitupiti hivi hivi. Katika mchezo ule watu wa kutengenezwa kiwandani wanauzwa kama vibarua, serikali zinawapa silaha wapigane, na mwisho wanaasi na kuwamaliza binadamu. Tangu hapo, miaka mia na zaidi, hadithi ni ile ile: mtumwa wa chuma anamgeuka bwana wake.

Johannesburg nayo ina filamu yake. Inaitwa Chappie, ilitoka 2015, na muongozaji wake ni Neill Blomkamp, mzaliwa wa mji huu. Ndani yake polisi wa Johannesburg wamenunua askari wa roboti wapambane na majambazi. Mhandisi mmoja anaitia roboti mbovu akili ya kujitambua, nayo inakuwa kama mtoto mdogo, halafu inaangukia mikononi mwa majambazi. Wengi waliiona kama filamu ya vishindo tu. Lakini hebu iangalieni vizuri. Mashine inayofanya unyama mkubwa mle si ile iliyopata akili. Ni dude jengine kubwa linaloendeshwa kwa mbali na mwanadamu, mtu aliyejaa husuda kwa mwenzake wa kazini. Mtu huyo huyo mmoja ndiye aliyezizima roboti zote za polisi kwa mpigo, mji mzima ukaingia ghasia. Na ile roboti-mtoto, majambazi walipoitaka ifanye uhalifu, ilikataa. Ilimuahidi aliyeiunda kuwa haitofanya. Ikabidi waidanganye.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Filamu zinatutisha na roboti itakayokataa amri. Mimi naiogopa zaidi ile ambayo haitokataa kamwe: itakayofyatua kwa sababu imeambiwa, usiku au mchana, mbele yake awe mpiganaji au mama aliyebeba mtoto.

Nchi hii inalijua jambo hili kuliko nchi nyingi. Wakati wa ubaguzi wa rangi, vijana wanaume wa Kizungu waliandikishwa jeshini kwa lazima. Walipelekwa kupigana Namibia na Angola, na kuanzia 1984 wakaingizwa katika vitongoji vya watu weusi kama Sebokeng, kusini ya Johannesburg, kwenda kuwazima raia. Baadhi yao wakasema hapana. Mwaka 1983 ikaundwa kampeni ya kupinga uandikishaji huo. Mwaka 1988 kijana wa Johannesburg, David Bruce, mtoto wa mama wa Kiyahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler, alihukumiwa kifungo cha miaka sita kwa kukataa kulitumikia jeshi la wabaguzi. Agosti ya mwaka huo vijana 143 wakatangaza kwa pamoja kwamba hawaendi. Serikali ikaifungia kampeni ile. Mwaka uliofuata waliotangaza hivyo wakafika 771.

Sisemi kwamba vijana hao ndio walioung'oa ubaguzi. Waliong'oa ni wananchi weusi wenyewe, kwa damu yao. Lakini serikali ile, pamoja na vifaru na ndege zake, ilihitaji mikono ya watoto wa watu. Na mikono ya watoto wa watu ina mama nyumbani, ina dhamira, ina usiku wa kukosa usingizi. Sasa nambieni: makaburu wangekuwa na roboti elfu kumi mwaka 1985, nani angekataa kuingia Sebokeng?

Huo si mfano wa huku peke yake. Septemba 1983 afisa wa jeshi la Kisovieti, Stanislav Petrov, aliona kwenye mitambo kwamba Marekani imerusha makombora. Mitambo ilikuwa na uhakika. Yeye hakuwa nao, akaamua ni hitilafu, akaripoti hivyo. Ilikuwa hitilafu kweli. Dunia ilinusurika kwa sababu pale palikaa mtu anayeweza kuitilia shaka mashine.

Wapo wanaozitetea roboti za vita, na hoja zao si za kijinga. Wanasema roboti haichoki, haina hasira, haibaki wanawake, hailipizi kisasi kwa sababu rafiki yake kauawa jana. Wanasema pia itaokoa roho za wanajeshi wetu. Yote hayo yana ukweli ndani yake. Lakini roboti isiyo na hasira haina huruma pia. Na vita ambavyo mkubwa wa nchi hapelekewi majeneza ya vijana wake mwenyewe ni vita rahisi kuvianza na vigumu kuvimaliza. Kilio cha mama wa mwanajeshi kimesimamisha vita vingi. Roboti haina mama.

Kisha kuna jambo la pili, nalo kwetu sisi ni zito: damu ni ya nani? Nikiwa darasani, mwanafunzi akikamatwa na kosa hukimbilia neno moja: "Mwalimu, nimeambiwa." Nilikuwa nikimjibu: aliyekwambia ana sehemu yake, na wewe una sehemu yako. Kwa roboti mgao huo unavurugika. Aliyeitengeneza atasema mimi niliuza tu. Aliyeandika programu atasema niliandika nilivyoagizwa. Kamanda atasema mashine ndiyo iliyochagua. Mashine haipandi kizimbani. Basi familia ya marehemu itagonga mlango gani kudai haki yake, au dia yake?

Oktoba 2007, katika mazoezi ya kijeshi huko Lohatla, jimbo la Northern Cape, mzinga wa kutungulia ndege uligeuka ukawafyatulia wanajeshi wenyewe wa Afrika Kusini. Tisa wakafa na 14 wakajeruhiwa. Minong'ono ya mwanzo ilisema ni kompyuta. Uchunguzi wa jeshi ukaja kutaja hitilafu ya kimitambo. Ule haukuwa roboti yenye akili, lakini tayari unaonyesha picha: watu tisa wamekufa, na mbele ya mizazi iliyofiwa kilichowekwa ni kipande cha chuma.

Na Marikana je? Agosti 16, 2012, karibu na Rustenburg, kaskazini magharibi ya Johannesburg, polisi waliwaua kwa risasi wachimba migodi 34 waliokuwa wamegoma. Walikuwa polisi binadamu, wenye majina na namba, na bado miaka kumi ikapita bila askari hata mmoja kutiwa hatiani kwa vifo vya siku ile. Chini ya miaka miwili baada ya msiba huo, kampuni ya Desert Wolf ya huku huku ikaonyesha droni ya kutawanya waandamanaji, iitwayo Skunk, yenye uwezo wa kubeba risasi 4,000 za pilipili au za rangi. Kampuni ilisema oda ya kwanza, droni 25, imetoka kwa kampuni ya migodi, na kwamba kusudi ni kuepusha Marikana nyengine. Pengine nia ni njema. Lakini mimi nilijiuliza: baada ya watu 34 kufa, badala ya kumsikiliza mgomaji, ndio tumemnunulia kitu kisicho na masikio?

Sisi hukumu ya namna hii si ngeni kwetu. Tumesomeshwa tangu madrasa kisa cha Nabii Daud na Nabii Suleiman, kondoo walipoingia shamba la watu usiku wakala mazao. Hakuna aliyewashitaki kondoo. Aliyetafutwa ni mwenye kondoo. Kanuni ni hiyo: kitu kisicho na akili kikidhuru, mwenyewe huitwa. Hatari ya silaha hizi mpya ni kwamba zimetengenezwa kwa namna ambayo kondoo wana wenyewe kumi, na kila mmoja anamnyooshea kidole mwenzake.

Mtu aliyeieleza hatari hii mapema mbele ya dunia alitoka hapa hapa jirani. Christof Heyns, profesa wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pretoria, alikuwa mchunguzi maalumu wa Umoja wa Mataifa juu ya mauaji yasiyofuata sheria. Mei 2013 alisimama Geneva na ripoti yake, akazitaka nchi zisimamishe kwanza kuzijaribu, kuzitengeneza na kuzitumia roboti zenye kuua bila ya mtu kuamua, mpaka pawepo na sheria. Alifariki 2021, hakuiona sheria hiyo. Desemba 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura kwamba jambo hili lishughulikiwe kwa haraka: nchi 152 zikaunga mkono, 4 zikapinga, 11 zikajizuia. Kura ile ni nzuri, lakini haimfungi mtu mikono.

Huko Ghuba mnaweza kudhani haya ni ya mbali. Si ya mbali. Mei 2017 Dubai ilimtambulisha askari wa roboti mwenye umbo la mtu, anayepiga saluti na kupokea malalamiko ya raia, na ikatangazwa nia ya kuwa na robo ya askari wa namna hiyo ifikapo 2030. Oktoba ya mwaka huo Riyadh ikatangaza kumpa uraia roboti aitwaye Sophia. Watoto walipiga picha, wakafurahi. Hakuna ubaya; askari yule hana silaha. Lakini Januari 2022, pale Abu Dhabi, droni na makombora viliua wafanyakazi watatu waliokuwa wakitafuta riziki. Droni hizo hazikuwa na uso, hazikupiga saluti. Roboti ya kupigana yenye miguu na mikono bado ni ghali, betri yake haidumu, na ngazi zinaisumbua. Itakuja, kwa sababu milango, magari na ngazi za dunia zimejengwa kwa kipimo cha mwili wetu. Lakini wakati sisi tunaisubiri hiyo ya sinema, ile isiyo na uso imeshafika.

Basi mtoto akikuuliza, usimwambie "hayo ni mambo ya filamu tu." Wala usimtie hofu. Mwambie ukweli: mashine haina ubaya wala wema wa kwake, inachukua wa mwenyewe. Kila akiona roboti ya askari, popote, aulize masuali mawili. Nani anaweza kuiambia "acha"? Na ikikosea, nani ataitwa?

Na kuna jengine, hili ni la wazazi khasa. Watoto wetu wengi sasa wanasoma uhandisi na kompyuta katika vyuo vya Ghuba na nje. Mashaallah, tunajivunia. Hawa ndio watakaoziandika programu hizi. Siku moja mmoja wao atakaa ofisini, aambiwe na mkubwa wake aondoe ile sehemu inayomsubiri binadamu akubali kabla ya kufyatua, kwa sababu inachelewesha. Mshahara mzuri, nyumba nzuri, bosi mkarimu. Siku hiyo hapatakuwa na roboti ya kukataa. Patakuwa na yeye. Kama tangu utotoni tumemfundisha utiifu peke yake, ataiondoa, atarudi nyumbani ale chakula chake cha usiku. Kama tumemfundisha pia kwamba zipo amri ambazo mtu hujibu "hapana" na akakubali kulipia neno hilo, kama walivyolipia vijana wa hapa, huenda akakataa.

Hilo halinunuliwi dukani wala halipatikani chuoni. Linafundishwa nyumbani, na wakati wake ni sasa, mtoto angali anauliza.

Wassalaam.