Redio za Kale za Usambara Zitambuliwe Kabla Hazijapotea

Vitu vya kale vinapotajwa, fikra za wengi huenda kwenye magofu, vyungu na zana za mawe. Ni wachache wanaokumbuka kwamba redio iliyowekwa darini miaka arobaini iliyopita nayo imekwisha kuwa ushahidi wa historia. Redio hiyo ikiacha kulia, haina mtetezi. Unyevu wa milimani huila bati lake, moshi wa jikoni huufunika uso wake, na mwisho huuzwa kwa uzani pamoja na vyuma chakavu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huhesabu kuwa masalio ya kale vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Kwa kipimo hicho redio ni changa mno. Kwa hiyo, ikiwa redio za zamani za Lushoto na Milima ya Usambara zitaokolewa, hapana budi kazi hiyo ianzwe na wenyeji, na mahali panapofaa zaidi kuianzia ni shule ya sekondari.

Milima yenyewe inatoa sababu ya kwanza. Mawimbi ya FM husafiri karibu katika mstari ulionyooka, na kilele kikiyakinga, bonde lililo nyuma yake hubaki kivulini. Mawimbi ya masafa ya kati hufuata uso wa ardhi, na yale ya masafa mafupi hupanda juu sana angani, yakarudishwa chini na tabaka la hewa yenye chaji za umeme. Ndiyo maana redio zilizotengenezwa kwa ajili ya nchi za joto zilipewa bendi kadhaa za masafa mafupi. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wapatao milioni 2 nchini walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio na kujadili usafi na kinga ya maradhi. Chombo kilichofanya kazi ya darasa hakistahili kuyeyushwa kabla hakijaandikwa hata katika daftari.

Lakini kukusanya bila kutambua ni kurundika tu. Kosa la kawaida ni kuitambua redio kwa sanduku lake. Yako masanduku yasiyofanana na mengine, kama lile la redio iliyoitwa Saucepan Special, iliyotengenezwa na kampuni ya Ever Ready ya Uingereza mwaka 1949 kwa ajili ya wasikilizaji wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Ilikuwa ya mviringo kama sufuria, yenye kipenyo cha inchi 9 hivi. Hata hivyo, sanduku hubadilishwa, kioo hupasuka, na fundi huhamisha jina la redio moja hadi nyingine. Ushahidi ulio imara zaidi umo ndani.

Vali za Ulaya zilipewa majina yenye utaratibu. Herufi ya kwanza hueleza umeme unaoipasha moto vali: D ni volti 1.4, na E ni volti 6.3. Mwanafunzi akikuta DK96, DF96, DAF96 na DL96 zimepangwa pamoja, atajua mara moja kwamba redio hiyo iliundwa kutumia betri, maana vali zote ni za volti 1.4. Atajua pia kwamba mwenyewe alihitaji umeme wa aina mbili: ule wa kupasha nyuzi moto, na ule wa volti nyingi, mara nyingi 90, wa kuendeshea vali zenyewe. Hapo historia ya uchumi hujitokeza ndani ya somo la fizikia, kwani betri za namna hiyo zilikuwa nzito na za gharama.

Transista ilibuniwa mwaka 1947, na redio ya kwanza ya transista iliyouzwa madukani ilitoka Marekani mwaka 1954. Kwa kuwa haina uzi wa kupashwa moto, transista hutosheka na mawe machache ya tochi. Ndiyo sababu redio iliweza kuingia katika nyumba zisizo na umeme. Transista nazo husomeka. Katika jina OC71, herufi O huonyesha kwamba hakuna uzi wa kupashwa moto. Baadaye utaratibu mwingine ukafuatwa: AC126 ni ya jerimani, na BC108 ni ya silikoni. Kioo cha stesheni husaidia pia. Kipimo cha hezi kilikubaliwa kimataifa mwaka 1960. Kwa hiyo kioo kinachoonyesha kilosaiko badala ya kilohezi huelekea kuwa cha zamani zaidi, ingawa badiliko hilo halikufanyika kwa siku moja. Kama vipimo ni vya mita, mwanafunzi agawanye 300,000 kwa idadi ya mita apate kilohezi: mita 300 ni kilohezi 1,000.

Wako watakaouliza kwa nini shule yenye upungufu wa vifaa vya maabara ijishughulishe na mabovu. Jibu ni kwamba mabovu hayo ni vifaa vya maabara: ndani yake mna koili, kapasita, rezista na spika, vitu vile vile vinavyochorwa ubaoni bila kuonekana. Wengine watasema kwamba redio ikusanywe ili itengenezwe ilie tena. Hamu hiyo inaeleweka, lakini isitangulie. Fundi anayeng'oa vali na kuweka transista hupata sauti na kupoteza ushahidi. Kwanza redio iandikwe na kupigwa picha kama ilivyo, matengenezo yangoje. Tena si lazima shule iimiliki redio. Mzee asiyetaka kuachana na redio ya marehemu kaka yake ana haki hiyo, na daftari laweza kumfuata nyumbani kwake.

Jambo moja lisipuuzwe. Redio ya zamani isichomekwe kamwe katika umeme wa nyumba kwa kujaribu tu. Baadhi ya redio za vali ziliunganishwa moja kwa moja na waya wa umeme, hata fremu yake ya chuma ikaweza kuua. Kapasita nazo huweza kubaki na chaji baada ya redio kuzimwa. Kazi ya kutambua hufanywa redio ikiwa haina umeme, mbele ya mwalimu.

Gharama ya kuanza ni ndogo: rafu moja isiyo na unyevu na daftari moja. Kwa kila redio yaandikwe maandishi ya nyuma yote, namba za vali au transista, bendi zake, aina ya betri, kijiji ilikotoka, ilinunuliwa lini na wapi, na ilisikilizwa na nani. Maswali ya mwanzo yatajibiwa na chuma. Ya mwisho yatajibiwa na wazee na mafundi wa redio wa Lushoto, Soni, Mlalo na Mombo. Vali yaweza kungoja darini miaka mingine kumi. Mzee anayekumbuka siku redio hiyo ilipofika kijijini hawezi kuahidiwa muda huo, na kwa ajili hiyo daftari lifunguliwe muhula huu.