Gharama za Law School zinawakwamisha watoto wa mikoani



Naomba kueleza jambo linalotuumiza wazazi wengi wa huku Rukwa, na naamini hata wenzetu wa Kigoma, Katavi na Ruvuma. Vijana wetu wanahitimu shahada ya sheria, wanavaa joho, tunawachinjia mbuzi na kupiga vigelegele. Kisha wanarudi nyumbani na kukaa, kwa sababu sheria ya nchi inasema shahada hiyo peke yake haitoshi.

Sheria ya mwaka 2007 ndiyo iliyoanzisha Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo sote tunaiita Law School, na mafunzo yakaanza mwaka 2008. Tangu hapo anayetaka kuwa wakili lazima apitie huko. Na si wakili tu. Soma matangazo ya ajira za hakimu mkazi au wakili wa serikali, utakuta sharti ni lilelile. Taasisi yenyewe ni moja kwa nchi nzima, nayo iko Dar es Salaam.

Nia ya sheria ile siipingi hata kidogo. Mtu anayekwenda kumtetea mwenzake kwenye kesi ya mauaji, au kumsimamia mjane aliyenyang'anywa shamba, lazima awe amefundwa akafundika. Ninachohoji ni mzigo wa gharama kuachiwa familia, wakati aliyeweka sharti ni Serikali.

Ada pekee inazidi shilingi milioni moja na nusu. Hiyo ndiyo inayoandikwa kwenye fomu. Isiyoandikwa ndiyo inayotumaliza. Kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Kijana akifika anatafuta chumba, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi kabla hajatoa ufunguo. Hapo kuna suti nyeusi na mashati meupe, daladala kwenda na kurudi, kuchapisha makabrasha ya kesi, na kula. Akimaliza darasani anapelekwa mahakamani au ofisi ya mawakili kujifunza kazi, na muda wote huo bado anakula kwa mfuko wa mzazi.

Mtoto wa dada yangu ni mmoja wao. Cheti chake cha shahada kiko kabatini, yeye anafanya uwakala wa pesa kwa simu karibu na stendi. Mama yake alitaka kuuza maksai ili apate ada. Ndugu tulikaa kikao tukamzuia, maana maksai hao ndio wanaolima shamba linalowalisha na kuwasomesha wadogo zake. Nani kati yetu angeshauri vinginevyo? Lakini binti yule aliposikia uamuzi aliinama tu, hakusema neno, na mimi mjomba wake sikuwa na la kumfariji.

Najua nitajibiwa kwamba Bodi ya Mikopo sasa inatoa mikopo kwa wanafunzi wa Law School. Ni hatua njema na naipongeza. Ila wengi wa vijana hawa wameshakopeshwa na Bodi hiyohiyo kwa shahada ya kwanza, na siku wakiajiriwa watakatwa asilimia 15 ya mshahara. Tunamwambia kijana asiye na kazi aongeze deni juu ya deni ili aruhusiwe kutafuta kazi. Kwa mafunzo ambayo Serikali yenyewe imeyafanya ya lazima, nadhani ruzuku ndiyo haki.

Kuna jambo jingine linalowatia wazazi hofu. Mwaka 2022 matokeo yaliyotangazwa yalionyesha kwamba kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja ni 26. Wengine 342 walitakiwa kurudia mitihani, na 265 wakaondolewa kabisa. Nchi nzima ilishtuka, kamati ikaundwa chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, na mjadala mkubwa ukawa juu ya nani alaumiwe: vyuo vikuu, walimu au wanafunzi. Sikusikia wengi wakiwazungumzia wazazi wa wale 265, ambao ada walishalipa na kodi ya chumba walishalipa.

Ndiyo maana mimi naunga mkono wanaotaka uwepo mtihani wa kujiunga, lakini kwa masharti. Ufanyike kila mkoa, gharama yake iwe ndogo, na maeneo yatakayopimwa yatangazwe mapema ili hata kijana wa Laela au Namanyere ajiandae. Ni heri mtoto aambiwe bado hajaiva akiwa kwao, kabla ng'ombe hawajauzwa.

Tusiambiwe kwamba mafunzo haya hayawezi kutoka Dar es Salaam. Mahakama ilianzisha mahakama zinazotembea mwaka 2019, ikafungua Vituo Jumuishi vya Utoaji Haki mwaka 2021, na leo mashauri yanasikilizwa kwa njia ya video mshtakiwa akiwa gerezani. Sumbawanga tunayo Mahakama Kuu, tunao majaji na mawakili wazoefu. Kama kesi ya mtu inaweza kuamuliwa kwa video, somo la kuandaa hati ya madai linashindikanaje?

Namwomba Waziri wa Katiba na Sheria, bajeti ijayo itakaposomwa Dodoma, awaeleze wabunge mambo mawili: ni lini mafunzo haya yataanza kutolewa kwenye kanda, na ni kiasi gani Serikali itatenga kuwalipia vijana wa kaya maskini waliokwisha kudahiliwa lakini wakashindwa kuripoti kwa kukosa fedha. Wabunge wetu wa Rukwa nao wayaulize, nasi tutawasikiliza redioni.

Mjomba na mzazi,
Sumbawanga, Rukwa