Kifo ni cha Mungu, Maumivu Je?

Mwezi wa Juni 2025 wabunge wa Uingereza walipiga kura, 314 kwa 291, kuunga mkono mswada wa kumruhusu mgonjwa aliyekadiriwa kubakiwa na miezi isiyozidi sita asaidiwe kuyakatiza maisha yake. Habari hiyo ilipofika kwenye baraza zetu za Kibokoni, watu walistaghfiru, wakaendelea na kahawa yao. Kwetu ni haramu, basi.

Nami nasema ni haramu. Suratun-Nisaa yakataza mtu kujiua, na hadithi ya yule mtu wa kale aliyeshindwa kuvumilia jeraha lake akajikata mkono, ni nani asiyeisikia? Sheria ya Kenya nayo haijalegea hapo. Januari 2025 Mahakama Kuu ilikibatilisha kifungu cha 226, kilichomwadhibu aliyejaribu kujiua, lakini haikukigusa cha 225, ambacho humwekea kifungo cha maisha anayemsaidia mwingine kujiua.

Lakini ndugu zangu, hapo tumelijibu swali la Waingereza. La kwetu hatujaliuliza. Mgonjwa wa saratani aliyelala ghorofani katika nyumba ya Mji wa Kale, ambayo ngazi zake ni nyembamba hata machela haipiti, akiugua usiku kucha hata jirani wa ng'ambo ya kichochoro asipate usingizi, sisi twamfanyia nini? Twamsomea Yasini, twampa maji ya zamzam, twamwambia asubiri. Hayo ni mema na yasiachwe. Ila anayesubiri ni yeye peke yake. Sisi twaaga tukaenda zetu.

Niliwahi kumsikia kijana akimkatalia muuguzi mofini, ati hataki mamake afe hali amelewa. Na yule mama, kwa maumivu, hata shahada hakuweza kuitamka. Simlaumu sana kijana. Mji huu umezika vijana wengi kwa ajili ya unga, na mofini na heroini zina asili moja, nayo ni afyuni. Lakini dawa inayopimwa na daktari kwa kadiri ya maumivu haimfanyi mgonjwa kuwa mteja wa mitaani, wala haimharakishi kufa. Aghlabu humpa utulivu wa kusali na kuagana na wanawe. Na fiqhi yetu yaijua dharura tangu zamani.

Ugumu mwingine ni kuipata. Mwaka 2010 shirika la Human Rights Watch liliripoti kwamba kati ya hospitali za umma zipatazo 250 nchini Kenya, ni saba tu zilizokuwa na mofini ya kunywa. Jirani zetu wa Uganda hawakuwa matajiri kutushinda. Daktari Anne Merriman alianzisha huko Hospice Africa Uganda mwaka 1993, mofini ikachanganywa na maji papo hapo nchini kwa gharama ndogo, na tangu mwaka 2004 sheria yao humruhusu muuguzi aliyefunzwa kazi hiyo kuiandika mwenyewe, bila kumngoja daktari asiyekuwapo. Hapa Mombasa tunayo Coast Hospice, nayo kazi yake ni hiyo hiyo ya kutuliza. Wangapi miongoni mwetu wamepeleka mgonjwa wao huko mapema, na si siku mbili kabla ya sanda?

Liko na jambo la mashine. Wengi hudhani kumwondolea mahututi mashine ya kupumulia ni sawa na kumuua, nao huuza hata nyumba ya urithi ili iendelee kuvuma. Mwongozo wa maadili ya udaktari wa Kiislamu uliotolewa Kuwait mwaka 1981 ulikataa katakata kuua kwa huruma. Lakini uliona pia kwamba uhai ukishakuwa haurejeki, hakuna maana kuurefusha ule ufaji kwa mitambo. Mambo mawili hayo ni mbalimbali, na ningependa kuyasikia yakielezwa katika darsa za baina ya Magharibi na Isha, mbele ya madaktari wetu Waislamu, ambao hawakosekani.

Kamati za misikiti yetu hukusanya pesa za sanda na za kuchimbia kaburi Kikowani, na hutoa upesi kweli. Nimeziomba kamati mbili zitenge sehemu kwa ajili ya dawa ya maumivu na nauli ya muuguzi. Moja imesema itafikiria.