Acheni kuziba kompaila mdomo

Jamani, kuna ugonjwa kwenye miradi ya programu huria ya C: onyo likitokea, mtu anabandika kasti, onyo linanyamaza, kiraka kinapokelewa na shukrani juu.

Mfano hai, mradi siutaji. Nimeujenga hapa Kakamega kwenye Raspberry Pi. GCC ikalia kwamba ulinganisho fulani ni kweli daima. Nikaangalia: jibu la getchar() limewekwa kwenye char, kisha linalinganishwa na EOF. Kwenye Linux ya x86 char ina alama ya hasi, kwa hiyo -1 inakaa. Kwenye Linux ya ARM haina, -1 inageuka 255, na kitanzi hakiishi kamwe. Wenyewe wakajibu: andika (char)EOF. Onyo limekwisha, ndiyo. Lakini sasa faili yoyote yenye baiti ya 255 inakatwa katikati! Na hapo ndipo utamu ulipo: kwenye x86 ilikuwa ikikatwa hivyo hivyo tangu zamani, kimya kabisa. Dawa ni neno moja: int. Iko kwenye kila kitabu cha C.

Wengine wanaficha pointa ndani ya long. Linux ya biti 64 long ni baiti 8, Windows ya biti 64 ni 4. Tumieni uintptr_t, ipo tangu C99.

Sisemi kila onyo litiiwe kama chifu. Mwaka 2006 Debian waliondoa mistari ya OpenSSL kwa sababu Valgrind ililalamika (si kompaila, lakini ugonjwa ni ule ule). Hadi Mei 2008 funguo zilitegemea karibu namba ya mchakato tu, yaani 32,768 za kubahatisha kwa kila aina na ukubwa. Onyo lilinyamaza vizuri sana.

Na -Werror kwenye toleo la umma? Hapana. GCC mpya ikija na onyo jipya, anayeumia ni mtu wa kujenga, si wewe. Iweke kwenye mashine yako.

Msiniambie "kwangu inafanya kazi". Simu za Android mfukoni mwetu karibu zote ni ARM. Huna ARM mezani? QEMU ni ya bure.