Bidoni ndiyo itupwe, maziwa ya mchuuzi yasimwagwe

Kila msimu wa mvua, ng'ombe wanaposhiba na maziwa kuwa mengi, vurugu hurudi mpakani. Mama anafika na bidoni mbili za lita ishirini, anaambiwa maziwa ni mabichi na hayana karatasi, kisha yanamwagwa mbele ya macho yake. Nimeliona jambo hilo zaidi ya mara moja. Je, kilichomwagwa pale ni hatari kwa afya ya wananchi, au ni mtaji wa mama wa watu?

Nisieleweke vibaya. Mimi si mtetezi wa maziwa mabichi. Wapo ndugu zetu waliorudi mwaka 1994 na ng'ombe wao kutoka Uganda na Tanzania, wakakaa Umutara, ambao mpaka leo husema babu zao walikunywa maziwa yakiwa bado na joto la kiwele na wakaishi hadi uzee. Sawa, lakini waliokufa mapema hawapo kutusimulia. Ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe, ambao waganga huuita bruselosisi, humfikia binadamu kupitia maziwa hayo. Homa inakuja na kuondoka, jasho la usiku, viungo vinauma, na mgonjwa anameza dawa za malaria wiki baada ya wiki bila nafuu. Kifua kikuu cha ng'ombe nacho hupita njia hiyo hiyo. Mzee anayempa mjukuu wake maziwa yasiyochemshwa, kwa heshima zote, anakosea.

Lakini wanaowapinga wachuuzi nao huzungumza kana kwamba duniani kuna maziwa ya aina mbili tu, mabichi na ya pakiti. Kiwanda hufanya nini? Kwa njia iliyopewa jina la Mfaransa Louis Pasteur, maziwa hupashwa moto hadi nyuzi 72 kwa sekunde 15, au nyuzi 63 kwa dakika 30, kisha hupozwa haraka. Sufuria inayotokota jikoni, hata huku kwetu milimani, hupita nyuzi 90. Vijidudu haviulizi kama moto ni wa umeme au wa makaa. Ndiyo maana anayekunywa inshyushyu katika kibanda cha maziwa Kigali hanywi maziwa mabichi, ingawa hayakupita kiwandani.

Tofauti kubwa inakuja baada ya moto. Kiwanda hupoza na kufunga. Sisi tunachota kwa kikombe kilichofutwa kwa kitambaa cha jana na kurudisha maziwa ndani ya bidoni. Bidoni hiyo ndiyo adui. Mdomo wake ni mwembamba, mkono hauingii, brashi haifiki kwenye pembe, na kila mkwaruzo wa plastiki ni nyumba ya vijidudu. Wengine wanatumia zilizokuwa na mafuta ya kupikia. Mwaka 2016 serikali ya Rwanda ilitoa amri ya waziri kuhusu ukusanyaji, usafirishaji na uuzaji wa maziwa, ikitaka vyombo vya chuma na maziwa yapitie vituo vya kukusanyia. Kwa upande wa vyombo, naiunga mkono kwa mikono miwili.

Tabu ni kwamba ndoo ya alumini ni ghali. Anayeishi kwa faida ya siku hawezi kuinunua kwa mkupuo, na kumnyang'anya bidoni bila kumwonyesha njia ya kupata ndoo ni kumfukuza sokoni. Na kituo? Tangu mpango wa Girinka ulipoanza mwaka 2006, familia nyingi maskini zimepata ng'ombe, na ng'ombe hukamuliwa asubuhi na jioni. Maziwa ya jioni ya aliye mbali na kituo yanaenda wapi, kama si kwa mchuuzi?

Jirani zetu wa Kenya walipita hapa kabla yetu. Mwaka 2003 wenye viwanda waliendesha kampeni ya kuwatisha watu na maziwa ya wachuuzi. Watafiti wakaonyesha kuwa karibu wanunuzi wote walikuwa wakiyachemsha kabla ya kunywa, na kwamba hata baadhi ya maziwa ya pakiti yalizidi kiwango cha vijidudu. Kuanzia mwaka 2004 bodi ya maziwa ya nchi hiyo ikaanza kuwapa leseni wachuuzi waliofundishwa usafi, kupima maji kwa laktomita na kupima uchachu kwa spiriti. Mabishano hayakuisha, yalizuka tena mwaka 2019, lakini mchuuzi aliyekuwa akijificha alianza kukaguliwa. Mtu anayejificha humkagui.

Liko jambo moja ambalo moto hauwezi, wa kiwanda wala wa jikoni. Dawa aina ya antibiotiki aliyochomwa ng'ombe hubaki ndani ya maziwa, na hilo linamhusu mfugaji na daktari wa mifugo kabla mchuuzi hajafika. Mbona hatusikii msako huko?

Ninachoomba kwa wahusika ni hiki. Ndoo za alumini zikopeshwe kupitia vyama vya ushirika, mchuuzi alipe kidogo kidogo. Mafunzo yatolewe kwa lugha anayoielewa, na cheti chake kitambuliwe pande zote mbili za mpaka. Rwanda iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kongo mwaka 2022, na kiwango cha Jumuiya cha maziwa mabichi ya ng'ombe kipo tayari. Afisa apime kwanza, amwage baadaye, na apime mapema: maziwa yaliyokamuliwa alfajiri na kusimamishwa juani kusubiri mhuri, saa sita mchana yameshaanza kuchacha.